Nawapa Wengine Likizo, Mimi Sina wa Kunipa

Admin, ficha jina langu kabisa. Uzuri wangu unaweza kuutaja, hauna madhara kwa mtu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minne, naishi Kangemi, na ni meneja wa duka la jumla la vyombo vya plastiki pale Ngara. Ndio, meneja. Shule niliachia darasa la nane, lakini dunia nimeiona. Nimeuza viatu mpaka Kampala, na hakuna mteja ameingia kwetu kutafuta beseni moja akatoka na moja.

Umeneja nilipewa mwaka jana. Mwenye duka ni mama mmoja anayeishi Waithaka, tunamwita Madam, mtu wa kanisa, hana kelele. Alinikabidhi funguo mbele ya wenzangu akasema, "Kuanzia leo huyu ndiye mkubwa wenu." Mshahara haukusonga hata kidogo, lakini mimi niliona nimefika. Funguo nilizitia kamba nikazivaa shingoni, zionekane. Hata muuza mayai wa kwetu alianza kuniita Meneja.

Na mimi si mkubwa wa roho mbaya. Njeri alipokaribia kujifungua nilimwambia, "Dada, nenda miezi yako mitatu yote, sheria iko." Kisha Wafula akafiwa na babake, nikamwachilia aende Bungoma akazike, na bado hajarudi. Tulikuwa watatu tu. Nikabaki peke yangu, nafungua, nauza, nafunga, na bado najigamba kwa wateja, "Hii duka ni mimi!"

Halafu mke wangu, Mama Ray, akafanyiwa upasuaji miezi haijatimia. Tumepata msichana mdogo sana, jamani, jagi zangu za dukani zinamshinda. Mama Ray kidonda kimemletea homa, hawezi kumbeba. Nesi akaniambia, "Baba, huyu anataka joto la mwili, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa. Mama hawezi. Lete kifua."

Nikamjibu, "Sista, kwa mambo ya kifua umefika kwa mwenyewe." Wodi nzima ikacheka. Akanilazia mtoto hapa. Akatulia tuli, moyo wake ukigonga kama wa kifaranga. Nikaanza kuhema polepole nisimwamshe.

Kesho yake nikampigia Madam. "Nimesikia baba pia hupewa wiki mbili, na mshahara."

Akacheka kwa upole. "Hiyo ni ya wafanyikazi, Baba Ray. Wewe ni meneja. Meneja hujipanga. Ukitaka kwenda nenda, bora duka lisifungwe."

"Na nani atafungua, Madam? Tafuta mtu wa kunishikia."

"Siwezi kuweka mgeni kwa mali yangu. Kwani ni nani aliwaachilia hao wengine wote? Ukifunga, niletee funguo nyumbani Waithaka, na usirudi."

Nikikosa kazi, hospitali tutatoka na nini? Nikarudi wodini jioni nikamweleza Mama Ray. Aliniangalia kama anaangalia muuza dawa za panya.

"Njeri umempa. Wafula umempa. Mtoto wako ndiye umemnyima?"

"Mama Ray, sina huo uwezo. Hii umeneja ni jina tu."

"Mwaka mzima unaniambia pale wewe ndio kusema. Leo ndio imekuwa jina?" Akavuta shuka mpaka shingoni. "Kama unaogopa kumzoea kwa sababu unaona hataishi, sema tu, Baba Ray."

Akageukia ukuta. Niliapa, nikaapa tena. Lakini mtu aliyezoea kuchekesha watu akisema ukweli, nani anajua?

Sasa naandika nikiwa nyuma ya kaunta. Nesi amepiga simu, leo pia mtoto hajaongeza uzito. Jioni nikifika, wananiruhusu kidogo tu kabla ya kufunga wodi. Mchana wote huyo mtoto amelala kwa blanketi, na hiki kifua nilichokisifu kimelaliwa na funguo za mtu.

Nyinyi mliosoma sheria, nawauliza kwa unyenyekevu ambao sijauzoea: meneja si mfanyikazi? Nikifunga hii duka niende kwa mtoto wangu, nitakuwa nimejifuta kazi mwenyewe? Na Mama Ray nimwambie nini ndio aniamini? Matusi wekeni kando leo. Nisaidieni mawazo, nifanye nini?