Rais Akifa, Nani Anakaa?

Mwezi wa sita mwaka 2020 rais wa kwetu Burundi alifariki ghafla, na mimi nilikuwa na mtihani wa uraia wa Marekani wiki tano mbele. Ningependa kusema nilimlilia. Ukweli ni kwamba nilikasirika, kwa sababu kifo chake kilinivuruga kichwa wakati nilipokihitaji kitulie.

Uraia ule niliutaka kwa jambo moja tu. Mama yangu alikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, Tanzania, nilikokulia mimi, na mtu mwenye kadi ya ukaazi tu haruhusiwi kumwombea mzazi wake aje. Raia anaruhusiwa. Baba alikuwa ametutoka miaka mitatu nyuma, wakamzika bila mimi, na tangu hapo nilijiapiza kwamba Mama sitamzika kwa simu.

Basi nikawa nasoma. Maswali ni mia moja, unaulizwa kumi, ukipata sita umepita. Mchana nilisafisha wodi za hospitali, jioni nikarudi Alief, mtaa wetu hapa Texas, nikakaa jikoni, binti yangu wa miaka kumi na tano akaniuliza. Rais akishindwa kuendelea, nani anakuwa rais? Makamu wa Rais. Na wote wawili wakishindwa? Spika. Hayo nilikuwa nimeshayameza tangu Pasaka.

Kisha ikaja habari ya kwetu. Kule uchaguzi ulikuwa umefanyika mwezi uliotangulia, mshindi ametangazwa, lakini hajaapishwa, anasubiri mwezi wa nane. Aliyekuwa madarakani akafa katikati. Sasa nani akae? Hoteli aliyofanyia kazi mume wangu ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona, kwa hiyo alikuwa na muda wote wa dunia wa kulijibu swali hilo. Simu sikioni asubuhi mpaka jioni. "Ni Spika," anasema. "Katiba inasema Spika, atakaimu." Ukipita na ndoo ya kufulia, anakusimamisha akuambie ni Spika.

Jumamosi tukaenda duka la Waafrika. Nje watu wamesimama kila mmoja na barakoa yake, karibu na gari lake, wanabishana kwa mbali. Mzee mmoja wa kwetu akasema hapana, ni makamu wa kwanza, maana kule tulikuwa na makamu wawili. Mtanzania mmoja aliyetoka Pearland, mji wa jirani, kununua unga wa mhogo akasema kwao makamu ndiye anachukua kiti, tena anamalizia muda wote uliobaki bila uchaguzi. Mume wangu akapandisha sauti na Spika wake. Penye wengi pana mengi. Mimi niliondoka pale na unga wangu na nchi tatu kichwani.

Baada ya siku chache mahakama ya kule ikaamua kwamba hakuna haja ya mtu wa kukaimu, aliyechaguliwa aapishwe upesi. Akaapishwa. Nikasema haya, yamekwisha. Wapi. Mume wangu akaanza upya, eti hata hivyo Spika alikuwa na haki yake.

"Baba watoto," nikamwambia, "mimi nina mtihani. Huyo Spika wako mpeleke chumbani mkalale."

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kila mara binti yangu alipoliuliza lile swali, majibu matatu yalinijia kwa pamoja na yote yalionekana ya kweli. Binti akaniambia kwa Kiingereza chake cha shule kwamba hapa hakuna mtu anayeuliza habari za Burundi. Nililijua hilo. Kichwa ndicho hakikujua.

Siku ya mtihani ofisa alikaa nyuma ya kioo, kijana mpole, barakoa imemfika machoni. Nilipomaliza swali la nane nilikuwa nimepata matano na kukosa matatu. Likaja la tisa, Rais akishindwa kuendelea, nani anakuwa rais? Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Yule aliyechaguliwa na watu," nikasema, "kama mahakama imekubali."

Ofisa akainua macho, akaniuliza kama hilo ndilo jibu langu. Nilijua nimeharibu, ila sikujua pa kurekebisha, nikasema ndiyo. Akaandika. Limebaki moja, na Mama yangu yuko juu ya hilo moja.

"Na Rais na makamu wake wote wakishindwa?"

Sikufikiri kitu. Nilisikia tu sauti ya mume wangu kule jikoni, nami nikasema Spika. Ofisa akanipa hongera.

Nilikaa kwenye gari nikalia mpaka vioo vikaingia ukungu. Mtu niliyemnyamazisha wiki tano ndiye aliyenivusha. Jioni nilimpikia samaki. Sikumwambia sababu, angevimba kichwa.

Kiapo kilikuja wiki tatu baadaye. Kesho yake asubuhi nikampigia Mama, kule ikiwa alasiri.

"Mama, nimekuwa raia. Leo hii najaza fomu yako. Unakuja."

Nikaivuta fomu karibu, kalamu mkononi. 

"Na kiti cha baba yako namwachia nani?" akauliza.

Kwetu mtu akifa, matanga hayaanuliwi mpaka watoto wake wakae pamoja, na siku hiyo ndipo wazee wanatangaza nani anashika nafasi yake, yaani kiti chake. Matanga ya Baba yalikuwa bado, wananisubiri mimi. Nililijua hilo na nilikuwa nimeliweka pembeni, kwamba ni jambo la kusubiri. Nikamwambia mdogo wangu wa kiume yupo hapo, ana mke na watoto, si ashike yeye.

"Baba yako hakumtaja yeye. Alikutaja wewe."

"Miaka mitatu, Mama. Kwa nini hamkuniambia?"

"Neno la kiti halisemwi kwenye simu. Leo nimelisema kwa kuwa unataka kuninyanyua."

Nilipandwa na hasira kweli. Nikamwambia mimi ni mtoto wa kike, nyumba yangu iko Texas, na jana tu nimeinua mkono mbele ya watu nikaapa kwamba kwetu nimeachana nako. Nilisema kwa sauti mpaka mume wangu akatoka chumbani. Mama akaniacha nimalize.

"Hayo umewaapia wenye nchi yao," akasema. "Mimi nimekukalia kiti chako tu, mwanangu. Njoo ukikalie, ndipo niondoke."

Fomu ilikuwa mezani, jina lake nimeshaliandika. Sikuelewa tena ninamtoa yeye kule au yeye ananirudisha. Nikamuuliza hicho kiti kiko wapi hasa, maana Burundi hatuna hata shamba, na kibanda cha kambini ni cha udongo kwenye nchi ya watu.

"Hapa nilipo," akasema.