Matembezi yetu ya Kinshasa wakati wa baridi, na rafiki niliyemwacha avuke barabara

Wakuu wa humu, nawasalimu wote: wa Bongo, wa Kenya, na ndugu zangu wa huku Kongo.

Mimi ni msomaji wa kimya. Miaka mingi nasoma nyuzi zenu bila kuandika hata neno moja. Leo naandika. Sitaongeza chumvi, kwa sababu habari hii ikitiwa chumvi inakuwa hadithi ya kupitishia muda, na mimi sitaki iwe hivyo.

Mnivumilie. Niliishia darasa la sita kwa mapadri, naandika polepole. Uzi huu nimeuanza Jumatatu. Tena Kiswahili chetu cha Likasi si hiki chenu. Nimejitahidi kuandika chenu, lakini watu wakiongea nitawaacha waongee kama walivyoongea.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Nilikuwa mtu wa haya kupita kiasi. Nikitumwa dukani na kukuta watu, nilisimama nje mpaka watoke wote. Mama yangu alijivunia. Alikuwa akiwaambia majirani, "Uyu mutoto iko na adabu, hauwezi kusikia sauti yake." Nami nikaamini kuwa hiyo ndiyo adabu.

Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kampani ya serikali, upande wa kusaga mawe. Mashine yenyewe ni pipa la chuma kubwa kuliko nyumba. Ndani yake mipira ya chuma inazunguka pamoja na mawe usiku na mchana. Ule mlio huusikii kwa masikio tu, unausikia kwenye meno.

Pale hakuna kuongea. Tuliongea kwa mikono. Kiganja juu ya kichwa: mkubwa anakuja. Ngumi mbili zimegonganishwa juu: simama, simamisha kila kitu. Ukiona ngumi mbili huulizi sababu. Unasimama kwanza, kwa sababu mtu anaweza kuwa anakufa.

Aliyenifundisha ni Ilunga. Alinipita miaka sita, nilimwita yaya, yaani kaka. Yeye ndiye alikuwa mwenye mashine, mimi msaidizi wake.

Ilunga alikuwa karibu kiziwi.

Hilo nililijua mimi, na mke wake Kapinga. Hakuna mwingine. Mashine ilimla masikio kidogo kidogo. Kila mwaka kampani ilitupima afya. Mpimaji alisimama nyuma ya mtu, akagonga kikengele kidogo, na mtu alitakiwa kusema "ndiyo" kila anaposikia. Mimi nilikuwa nafuata kwenye mstari, nikitazamana na Ilunga. Kengele ikilia nilikunja kidole. Akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akapita.

Tuliamini kwamba kiziwi anafukuzwa. Kazi ikienda, nyumba ya kambi inaenda, na posho ya unga inaenda. Na Kapinga alikuwa na mimba ya kwanza.

Sasa Kinshasa.

Kwa vijana ambao hamkuwepo: wakati ule kila kampuni na kila shule ilikuwa na kikundi cha kuimba na kucheza kwa kumsifu Rais. Sisi tuliita animasyo. Hukuulizwa kama unapenda. Mwaka ule kikundi chetu kikachaguliwa kwenda kucheza makao makuu ya nchi, mwezi wa saba.

Ilunga alicheza nyuma yangu. Ngoma hakuisikia vizuri, alifuata mabega yangu. Watu walimsifu kwamba hakosei.

Mwezi wa saba kwetu ni baridi kweli kweli. Midomo inapasuka, kuna asubuhi nyasi za bondeni zinakuwa nyeupe, na mbabula, jiko letu la makaa, inaingizwa ndani ya nyumba. Basi tukabeba makoti. Tulipanda ndege ya mizigo, tumekaa kwenye mabenchi. Masikio yalituuma wote mpaka wanaume wakalia. Ilunga peke yake alikuwa anakula ndizi.

Kinshasa tukakuta mbingu ya rangi ya majivu, hakuna jua, hakuna mvua. Wenyeji wamevaa masweta wanatetemeka. Sisi jasho linatutoka.

Kasongo, rafiki yetu wa tatu, fundi umeme mwenye mdomo usiofungwa, akasema: "Hii njo baridi yabo? Ata kuku ya Likasi itaicheka!"

Siku tatu tulifanya mazoezi tu. Siku ya nne mkuu wa msafara wetu, sitwayen Kabamba, akatupa mchana mmoja wa kutembea. (Wakati ule hukusema "bwana" wala "monsieur". Kila mtu sitwayen, yaani raia.) Akasema: "Mutembee, muangalie muji. Saa kumi na mbili na nusu mukuwe hapa. Na musiniletee maneno."

Tukaenda watatu: mimi, Ilunga na Kasongo.

Tulianza na mto. Wakuu, sijawahi kuona maji mengi hivyo. Tulifika kwenye maporomoko, maji yanaruka juu ya mawe kama yamekasirika. Ilunga akavua viatu, akasimama kwenye jiwe, akafumba macho.

"Inatetemesha miguu," akasema. "Ni sawa na mashine yetu."

Kasongo akaonyesha ng'ambo. "Ile ni inchi ingine. Bale nabo iko na Rais yabo."

"Naye banamuchezea?" Ilunga akauliza. Kiziwi hajui kupima sauti yake. Aliuliza kwa nguvu, watu wakageuka.

"Funga kinywa, yaya!" Kasongo akamwambia, huku anacheka. Mimi nilitamani kuingia ndani ya koti langu na kufunga vifungo.

Tukaenda kwenye barabara kubwa ya mjini. Tukaingia kwenye jengo moja refu kwa ajili ya kupanda lifti. Tulipanda mara mbili kabla mlinzi hajatufukuza. Kasongo akamwambia mlinzi kuwa kwetu tuna shimo linaloshuka chini kuliko jengo lake linavyopanda. Mlinzi mwenyewe akacheka. Nitasema ukweli: mpaka saa kumi na moja ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizokuwa nimeishi.

Karibu na saa kumi na mbili tulisimama kwa mama mmoja aliyekuwa anakaanga mikate ya mafuta kando ya barabara. Ng'ambo ya pili kulikuwa na duka la viatu, na mbele kidogo ofisi moja ya serikali yenye bendera. Ilunga akaona viatu vya mtoto kwenye kioo. Akavuka kwenda kuviangalia. Aliinama pale akavipima kwa kiganja, kupitia kwenye kioo.

Filimbi ikapigwa.

Kwa wasiojua: bendera ikipandishwa au ikishushwa, kila kitu kilisimama. Magari, baiskeli, watu. Ulisimama ulivyo, mikono mapajani. Kusogea ilikuwa kumtukana Rais.

Barabara yote ikakauka. Yule mama alikuwa na kijiko ndani ya mafuta, akakiacha. Mikate ikaanza kuungua mbele yetu, na hakuna aliyethubutu kuitoa.

Ilunga akageuka kutoka kwenye kioo. Amefurahi. Akaona magari yamesimama. Akafikiri yamesimama kwa ajili yake.

Akaanza kuvuka.

Wakuu, alinyanyua mkono kumshukuru dereva.

Na alikuwa ananiangalia mimi. Alizoea kuniangalia mimi, alizoea kuangalia mikono yangu. Nilihitaji tu kunyanyua ngumi mbili. Angesimama pale pale, bila kuuliza, kama tulivyofanya kila siku. Nilikuwa na muda. Nimeuhesabu mara nyingi tangu siku ile: hatua nne, labda tano.

Lakini kunyanyua mikono ni kusogea. Askari wawili walikuwa pale chini ya bendera. Na watu wote barabarani wangeniangalia mimi.

Mikono yangu ilibaki mapajani.

Ilunga akatuona tumekauka kama miti. Alijua Kasongo ni mtu wa mizaha, akafikiri tunamtania. Basi naye akatania. Katikati ya barabara, bendera ikiwa nusu ya mlingoti, akatikisa mabega na kucheza ile hatua yetu ya animasyo.

"Yo! Telema!" askari wakapiga kelele. Hiyo ni Lingala: wewe, simama! Hakusikia. Walimwangusha kwa kitako cha bunduki.

Kasongo akakimbia kwao akisema ni mwenzetu, ni mchezaji wa Rais. Nami nikamfuata Kasongo, kwa sababu kubaki peke yangu niliogopa zaidi. Wakatupeleka wote kwenye kibanda chao.

Sajini akamshika Ilunga kidevu. "Yo, ozali sourd?" Yaani, wewe ni kiziwi?

Kasongo, ambaye hakujua lolote, akakana haraka: "Te, chef. Anasikia vizuri sana, ni mchezaji wetu bora."

Ilunga akaniangalia. Lile neno la sajini, sourd, alijua kulisoma kwenye midomo ya watu. Nami nilikuwa na nafasi ya pili. Neno moja tu, "ndiyo". Wangemcheka, wangempiga teke, wangemwachia.

Nilinyamaza. Akajibu mwenyewe:

"Nilisikia, chef. Nilikuwa nachezea tu."

Alichagua kuwa mkorofi kuliko kuwa kiziwi. Alikuwa anailinda nyumba yake.

Sitwayen Kabamba alipokuja kututoa, aliniuliza mimi kwanza: "Weye ulisimama?"

"Nilisimama, sitwayen."

"Muzuri. Weye iko muntu ya akili."

Mimi na Kasongo tukaondoka naye. Ilunga akabaki kwenye kasho, yaani mahabusu, siku nne. Tulicheza bila yeye, na pengo lake nyuma yangu likajazwa na mtu wa idara ya rangi. Alipotoka, damu ilikuwa imekauka kwenye shingo. Walimpiga makofi ya masikio yote mawili kwa pamoja, mara nyingi. Kile kidogo alichokuwa anasikia kikaisha.

Kwenye ndege ya kurudi hakuna aliyekaa karibu naye. Mimi pia sikukaa.

(Nimekatika hapa jana, umeme uliondoka. Naendelea.)

Likasi barua ilimkuta. Amefukuzwa kwa kudharau bendera. Wiki moja atoke kwenye nyumba. Nilimsaidia kubeba godoro mpaka barabarani, Kapinga akifuata na tumbo lake, na sufuria kichwani. Wakaenda Kamatanda kwa mjomba wa Kapinga, wakaishi kwa kulima na kuchoma makaa.

Mashine yake nilipewa mimi. Nikaoa, na nikapewa nyumba.

Kuna mkuu mmoja ameuliza hapo kwenye komenti: "Kwa nini hukwenda baadaye kusema kwamba alikuwa kiziwi?" Swali lako ni la haki. Nilikwenda. Ila nilikwenda miaka mingi baadaye, nilipojuana na karani mmoja wa wafanyakazi. Nilimweleza kama habari ya mtu mwingine. Akanishangaa. Akasema aliyeharibika masikio kazini hakufukuzwa. Alihamishiwa stoo au bustani, na nyumba na posho vilibaki. Ilikuwa imeandikwa. "Hamukujua?" Hatukujua. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza. Kile kidole nilichokunja siku ya kengele, nilifikiri ninamwokoa.

Nikamuuliza karani kama inaweza kutengenezwa. Akasema kiziwi ndiyo, mwenye kutukana bendera hapana.

Ilunga nilikutana naye sokoni mara kwa mara. Siku moja alinishika mkono mbele ya wauza samaki, akauliza kwa ile sauti yake isiyopimwa:

"Siku ile ya Kinshasa. Weye ulikuwa unaniona?"

Watu walitugeukia.

Nikatikisa kichwa: hapana, sikukuona.

Akacheka, akanipiga begani. "Nilijua! Nilimwambia Kapinga: uyu mutoto angeniona, angenisimamisha."

Tukanunua samaki, tukaachana.

Mwaka jana alifariki. Na mimi leo masikio yangu yamekwisha, simu ya kuongea siiwezi, ndiyo maana nakaa humu kusoma. Kwenye msiba wake, mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa ana mvi, aliniandikia kwenye karatasi: "Papa alikupenda. Sema neno moja juu yake."

Nikamwandikia chini yake kwamba mimi ni mtu wa haya, kuongea mbele ya watu siwezi. Akasoma, akawaonyesha wazee. Wote wakaitikia kwa kichwa. Walinielewa.

Wakuu, ninalotaka kuwaambia ni hili. Haya yangu watu waliisifu maisha yangu yote, na kila aliyeisifu hakuwa amesimama katikati ya barabara ile. Mwenye mtoto mkimya asimsifu haraka. Amuulize kwanza ananyamaza kwa ajili ya nani.

Yule mtoto wa Ilunga anaishi mitaa mitatu kutoka kwangu. Nimemaliza kuandika, na bado sijui kama nimpelekee haya niliyowaandikia ninyi au nimwache na yale baba yake aliyoamini. Ninyi mnaojua kusema, semeni. Hata mwenye kunitukana aandike, nitasoma yote, polepole.