Saa Ianze Baada ya Salamu

Kabula mwanangu, siku niliyokabidhiwa kengele naikumbuka kama jana. Nilikuwa mwalimu kijana wa fizikia hapa Bariadi, na tulikuwa tumepewa heshima ya kuchagua timu moja itakayokwenda kwenye mashindano ya kimataifa ya sayansi kwa vijana. Moja tu. Katibu wa kamati nilikuwa mimi, ratiba niliiandika mimi, na nilijiona mtu mkubwa, hata usiniulize kiasi gani.

Nilipanga dakika tano kwa kila timu, tangu kuingia mlangoni. Zikiisha, nagonga kengele. Mezani walikaa majaji watatu: wageni wawili kutoka nje ya nchi, pamoja na Mzee Masanja, bwana shamba mstaafu.

Akaingia Holo, binti aliyesimama kwa niaba ya timu ya kijiji cha Migato, na ndoo ya mkaa alioutengeneza kwa miti ya pamba, ile tunayoing'oa na kuichoma baada ya mavuno. Akapiga magoti mbele ya kila jaji, kama alivyolelewa. Wageni hawakujua kwamba shikamoo hujibiwa, naye akabaki chini akisubiri, mpaka Mzee Masanja alipowanong'oneza. Kisha mzee mwenyewe akamuuliza ni wa kwa nani, ng'ombe hawajambo, mvua huko imenyesha. Holo akajibu yote. Ndipo akafunua ndoo yake, nami nikagonga kengele.

"Muda umekwisha," nikasema.

Akafunika mkaa wake. Akabeba ndoo, akatoka.

Mzee Masanja akaniita pembeni. "Mwalimu, mimi ndiye niliyemuuliza habari za nyumbani. Ulitaka asinijibu?"

"Sheria ndivyo ilivyo, Mzee."

"Nani aliitunga?"

"Mimi."

"Basi mtungaji yupo, tena mzima wa afya. Nenda kairekebishe."

Niliona aibu. Maana hapo hapo niliwakumbuka vijana wa Sapiwi walioingia asubuhi. Nao walisalimia kwa kirefu, nao niliwakata katikati, nikajisemea kwamba hawakujiandaa.

Nikasimama mbele ya watu wote nikasema kosa ni langu. Holo nilimkuta getini, anaifunga ndoo kwenye baiskeli ya baba yake. Tukawarudisha wote waliokatwa, na safari hii saa niliianzisha baada ya salamu. Wali waliopikiwa wageni ulipoa kwa kuchelewa huko, lakini waliula.

Holo alieleza vizuri, akawa wa pili. Walioshinda ni wale wa Sapiwi, ambao hakuna mtu aliyekuwa amewatetea. Hilo linanisumbua hadi leo. Bila yule mzee, ningepeleka timu nyingine na kujipongeza kwa kutunza muda.

Sasa mwaka huu kamati umepewa wewe, na wageni wa nchi nyingi wanakuja hapa hapa kwetu. Utaweza, sina shaka, maana kichwa unacho na woga huna. Ratiba iwepo, na kengele iwepo. Ila kabla hujaandika dakika, waangalie kwanza hao watoto wanavyoingia mahali penye wakubwa, wa kwetu na wa wenzetu. Na ukikosea, sema hadharani siku hiyo hiyo, wakati mtoto bado yuko getini.

Mungu akutangulie, mwanangu. Wageni wako wale washibe, na kila atakayepiga magoti kusalimia ainuke aseme alichokuja kusema.