Majilio Tuliporuka Majina

Nina umri wa kuogopa uongo, na asubuhi hii nimepokea Komunyo. Haya niliyaona mwenyewe, tena mchana, katika chuo chetu cha dini kule vilima vya Pugu, miaka ile ya Ujamaa.

Nilikuwa kiongozi wa kwaya. Krismasi ile nilipangiwa kuimba peke yangu ubeti wa kwanza, na mama yangu, mjane wa Temeke, aliahidi kuja. Tangu niingie chuoni hakuwahi kunisikia nikiimba.

Chuo kilikuwa na desturi yake. Zoezi la kwanza la Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, halikuanza mpaka kiongozi asome daftarini majina ya wanakwaya waliofia pale chuoni. Kila jina likisomwa tulijibu, "Yupo." Ndipo kinanda kilipigwa.

Siku ile tulikuwa tumepalilia mihogo tangu alfajiri. Deo, mchekeshaji wa sauti ya nne, ile nzito, akanung'unika, "Kiongozi, marehemu wanapumzika. Sie je?" Wenzake wakacheka. Nikafunga daftari, nikasema tutasoma kesho. Niamini, haikuwa dharau. Nilichoka tu.

Tukiwa ubeti wa pili, mvua inanyesha, akaingia kijana mwenye kanzu nyeupe.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

Akaketi benchi la sauti ya nne, akaimba bila karatasi. Sauti yake ilitikisa mbao za benchi. Wimbo ulipokwisha, Deo akamtania, "Ndugu, umetumwa uninyang'anye nafasi? Watoka chuo gani?"

"Hapahapa. Naitwa Simeoni." Kisha akanigeukia mimi, kwa upole wa mtu aliyesubiri sana. "Kaka, mbona leo hamkuniita?"

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Akainuka, akatoka. Deo alimkimbilia na mwavuli, akarudi nao umekunjwa. Uwanja ulikuwa mtupu, na kwenye tope jekundu hapakuwa na hata wayo mmoja ila nyayo za Deo.

Nikafungua daftari. Simeoni, sauti ya nne, alikufa kwa homa wiki moja kabla ya Krismasi, miaka mingi kabla yetu. Majina yakasomwa palepale. Deo ndiye aliyesoma, mimi sikuweza.

Baada ya siku tatu za ububu maneno yalinirudia. Kuimba hakukurudi. Mama alikuja na kitenge kipya, akakaa mbele, akamsikia Deo akiimba ubeti wangu. Baada ya Misa akaniuliza, "Mwanangu, wewe umeimba saa ngapi?"

"Nilikuwa nyuma, mama."

Alifariki masika yaliyofuata.

Mpaka leo kanisani nafuata nyimbo kwa macho. Simlaumu Simeoni, na kwa pumzi niliyobakiwa nayo namshukuru Mungu. Lakini wewe, kama kwenu kuna jina linalotajwa, litaje hata kama umechoka. Uchovu wangu wa siku ile uliisha kesho yake asubuhi, baada ya kulala.