Nafasi ya Bi Mwanvita

Nafundisha jiografia darasa la sita, na kila mwaka nikifika kwenye somo la nchi yetu napandwa na hasira. Naandika ubaoni: eneo, kilomita za mraba zaidi ya laki tisa; makao makuu, Dodoma; bandari kuu, Dar es Salaam; reli ya umeme, inapita Ngerengere na Morogoro. Watoto wananakili kwa mwandiko mzuri. Kisha tunatoka uwanjani, na siku isiyo na ukungu tunaiona treni yenyewe kule bondeni, ndogo kama jongoo, inakwenda zake. Kutoka hapo tuliposimama hadi barabara ya gari iliyo karibu ni saa nne kwa miguu, tena kwa mtu asiyebeba kitu. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, wahenga hawakukosea.

Njia hiyo ya miguu nilifundishwa na Bi Mwanvita. Nilipohamishiwa hapa kutoka Shinyanga, miaka sita iliyopita, ndiye aliyenipokea kule chini. Akajitwika begi langu, yeye mwenye miaka sitini na kitu, mimi nikamfuata mikono mitupu huku nahema. Kila nikiuliza tumebakiza kiasi gani, anajibu, "Hapo tu, mwalimu." Maisha yake yote amepanda na kushuka pale. Ameshusha ndizi, karafuu na pilipili manga. Amepandisha chumvi, mafuta ya taa, bati za msikiti, hata madawati ya shule yangu. Ukimtania kwamba yeye ndiye lori la kijiji, anacheka na kusema ng'ombe haelemewi na nunduye.

Kitu kimoja tu kilimwelemea. Mwaka juzi mwanawe wa pekee, Hafidha, alishikwa na uchungu na mtoto akakaa vibaya tumboni. Wanaume wanane walimbeba kwa machela kumshusha zahanati. Bi Mwanvita alitangulia na panga, akifyeka matawi yaliyoziba njia. Walipovuka korongo la pili, waliokuwa nyuma wakaita, "Mama, tusimame." Alijua kabla hajageuka.

Hafidha alirudishwa juu kwa machela ileile, akazikwa siku hiyohiyo kwenye makaburi ya ukoo. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na mtu hulala kwa mama zake. Mume hata akiishi kwa mkewe miaka arobaini, akifa anarudishwa kwao. Ndivyo alivyorudishwa mzee wa Bi Mwanvita. Kwa hiyo yeye sasa alikuwa na binti mmoja, na binti huyo alikuwa pale makaburini.

Tangu siku hiyo akawa na neno moja: barabara. Alilisema kwenye mkutano wa kijiji, akalisema kwenye kata, akalisema wilayani. Alishuka mara kumi na moja kwenda kukaa kwenye mabenchi ya ofisi, kitambulisho mkononi. Barua niliandika mimi, mpaka nikachoka. Yeye hakuchoka. Na Juni iliyopita barabara ikaja.

Ilikuja na kijiko kikubwa cha njano kikiukata mlima kutoka chini, na injinia mmoja kijana aitwaye Ignas, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Miezi miwili kabla, wapimaji walikuwa wameniomba niwachoree ramani ya makaburi, kwa kuwa ni mwalimu wa jiografia. Niliichora kwa fahari. Makaburi yako kwenye kipande chembamba cha tambarare, juu mwamba, chini korongo, na hakuna pengine pa kupitisha gari. Nikayahesabu kwa mawe ya kichwani: kumi na mawili. Sikumuuliza mtu yeyote. Mtu aliyesomea ramani anauliza nini?

Tarehe ishirini na nane asubuhi, vigingi vyekundu vikapigwa. Kimoja kilisimama juu ya kaburi la Hafidha.

Stambuli, mdogo wake Bi Mwanvita na mkuu wa ukoo, alifika kabla ya umande kukauka. Nyuma yake watu kama ishirini. Akaketi chini mbele ya kijiko, panga juu ya magoti, wenzake wakamzunguka. Ardhi ilikuwa ikitetemeka chini yetu, na vijiwe vilikuwa vikiporomoka kimoja kimoja kuingia korongoni.

"Shikamoo, mzee," Ignas alisema.

"Marahaba. Zima hilo jini lako."

Kijiko kikazimwa. Ignas akachuchumaa, akamweleza kwa adabu. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe thelathini. Kazi ikikwama hapa leo, inafungwa hapa, na kijiko kinashuka kwenda wilaya nyingine. Kitarudi lini, yeye hajui. Akakunjua ramani yangu. "Mzee, hapa kuna njia mbili, na zote zinagusa kaburi moja. Ya ndani inagusa hili lenye kigingi. Ya pembeni inagusa lile la ukingoni, lenye jiwe jeupe. Nilichagua ya ndani kwa sababu pembeni ni korongo. Lakini mkitaka nipite pembeni, nitajenga ukuta wa mawe chini yake, nitapita. Nichagulieni ninyi."

Watu ishirini wakatazama ardhi. Stambuli alifungua mdomo, akaufunga.

"Jamani, semeni!" Nilishindwa kujizuia. "Mtu ameuliza swali!"

Mama mmoja akanitazama kana kwamba nimetukana msibani. Barua zote zile, mabenchi yote yale, na sasa wamekuwa mabubu! Opereta, Severin, akachungulia kutoka juu. "Injinia, tugeuze. Kushuka na hiki ni kutwa nzima, na kiza kikitukuta humu hatutoki." Ignas akakunja ramani, akainua mkono. Mashine ikaunguruma na kuanza kugeuka.

"Simama!"

Bi Mwanvita alikuwa anatoka shambani, jembe begani, nyuma yake mtoto aliyekuwa amemkimbilia na habari za zile njia mbili. Alikiona kigingi. Akatua jembe, akakiendea. Nilimwogopea. Barabara ambayo ingemwokoa mwanawe, aliyoililia miaka miwili, ilikuwa imekuja kumkanyaga mwanawe. Kama angekitupa kigingi kile korongoni, hakuna ambaye angemlaumu.

Hakukigusa. Alikipita akaenda ukingoni, kwenye jiwe jeupe.

"Mwalimu. Hapa uliandika nini?"

"Kaburi la kumi na mbili, bibi."

"La nani?"

Nikageukia ramani mkononi mwa Ignas.

"Ungeuliza," alisema, bila ukali. Akapiga magoti, akalitikisa jiwe huku na huku mpaka likang'oka, akalikumbatia, akainuka nalo. Chini yake palikuwa na nyasi zilizonyauka na udongo ambao haujawahi kuguswa. "Hapa hakuna mtu, mwanangu Ignas. Hapa ni pangu."

Ndipo nilipoelewa, na nikatamani ardhi inimeze. Katika ukoo huu mtu mzima hujichagulia mahali pake na kuweka jiwe angali hai. Na kumtajia mtu kaburi lake naye anapumua ni kumwitia kifo. Ndugu hataji, hata mkuu wa ukoo hataji. Watu wote ishirini walijua ukingoni ni patupu. Walikuwa tayari kuikosa barabara kuliko kulisema hilo. Mwenye haki ya kulisema alikuwa mmoja tu, naye aliliweka jiwe lile siku ya mazishi ya Hafidha, hatua moja kutoka kwa mwanawe.

Stambuli aliliacha panga lake chini, akainuka. Machozi yalikuwa yakimtoka, mzee mzima.

"Dada, hapa pamejaa. Hakuna nafasi nyingine. Tutakulaza wapi? Kwa watu baki?"

"Mtanishusha, mkanitafutie huko chini."

"Tukushushe kwa machela?"

"Kwa gari, Stambuli. Si barabara itakuwepo?"

Alikusudia tucheke. Hakuna aliyeweza. Ignas alikwenda mwenyewe kuking'oa kigingi, akaliinamia kaburi la Hafidha na kuusawazisha udongo kwa kiganja. Siku mbili zilizofuata kijiji kizima kilibeba mawe ya ukuta, nami nikabeba mpaka ngozi ya mabega ikachubuka. Tarehe thelathini, kabla ya magharibi, kijiko kilivuka.

Gari la kwanza kupanda lilikuwa pikapu ya mnunuzi wa ndizi, mwezi wa nane. Liliposhuka, watu walimkalisha Bi Mwanvita mbele, kwa heshima, nami nikabanwa kati yake na dereva. Tulipita ukingoni taratibu. Hakugeuka kutazama. Tulipofika korongo la pili akamwambia dereva asimame, akateremka, akasimama mahali ambapo machela ilitua siku ile. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Tukaendelea kushuka. Nilikuwa nimezoea kwamba kutoka pale bado kuna mwendo wa saa mbili na nusu. Dereva alikata kona nne, tano, akavuka kijito, na ghafla mbele yetu ikatokea barabara kubwa, pikipiki, watu, zahanati yenye bendera.

Bi Mwanvita aliitazama saa yangu. Tangu korongo la pili zilikuwa zimepita dakika kumi na nane.

"Hapo tu," alisema. Akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma. "Mwalimu, kumbe ilikuwa hapo tu."