Mkeka wa Mama Ukutani

Mume wangu alikuwa ameshakuwa kinyozi, kisha fundi baiskeli, na kote aliachia njiani. Alipoanza kuchonga mawe nikaona safari hii ametulia. Alirudi na vumbi hadi kwenye kope, anaimba. Basi kabla hajaiva, akamwahidi mama yangu ukuta wa uani.

Alijenga peke yake. Fundi aliyekuwa akimfundisha hakuitwa. Ukuta wa mawe una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na kifusi katikati. Mawe marefu hulazwa kukatisha unene wa ukuta, yashike pande zote mbili, kwa hiyo kinachoonekana nje ni kichwa cha jiwe tu. Mume wangu aliona hasara kuficha mawe mazuri namna ile. Akayalaza yote ubavu, yaonekane. Majirani wakasifu, naye akavimba kichwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu wangu alianza na ukuta, ufa ukaja wenyewe. Mvua zilipokolea, ukuta ukaota kitambi. Kila akisikia mkwewe anakuja, mama alianika mkeka juu ya kile kitambi.

Siku moja tulifika kukiwa na manyunyu. Mkeka uko ukutani, unachuruzika maji. Mume wangu akaenda kuutoa.

"Uache, baba, haujakauka," mama alisema.

"Mama, si mvua inanyesha?"

Akaufunua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na wala sikujenga mimi. Yeye alisimama na mkeka mikononi, ameinamisha uso, hawezi kumtazama mama. Chakula hakukigusa.

Nilijua ataacha, kama alivyoacha wembe na spana. Asubuhi akaenda kumleta fundi wake, akaubomoa ukuta mchana kweupe. Kila aliyepita akiuliza kulikoni, alijibiwa, "Nilikosea."

"Jiwe refu hukukatisha hata moja?" fundi akauliza.

"Hata moja."

"Haya, lete la kwanza."

Tangu hapo mume wangu hajashika kazi nyingine, na sasa nywele zake ni nyeupe bila msaada wa vumbi. Watu humfuata kutoka mbali. Mama alipofariki, mkeka ule nikaurithi mimi. Siku nikiuanika, fundi mzima huzunguka nyumba, akaingilia mlango wa jikoni.