Nguzo Mbili Mbele ya Lango Letu

Kule Kivu ya Kusini nilingoja nguzo moja ya umeme karibu maisha yangu yote. Kila uchaguzi tuliahidiwa, na kila baada ya uchaguzi tuliendelea kusoma Neno kwa taa ya mafuta. Lakini Mungu si mchoyo. Hapa Minto, ugenini tulikohamia, amenipa mbili kwa mpigo, zimesimama bega kwa bega mbele ya lango langu.

Ya kwanza ilikuwa imeoza chini. Wafanyakazi wa kampuni ya umeme walikuja, wakasimika mpya hatua moja pembeni, wakahamisha nyaya zao, wakaikata ile ya zamani kichwa, wakaenda zao. Hawakuing'oa, maana kwenye kisiki kirefu kilichobaki ulikuwa umening'inia waya mweusi wa intaneti, na waya huo ni mali ya kampuni nyingine iliyopewa ruhusa ya kuutundika. Nchi hii ina utaratibu: mwenye nguzo hagusi waya wa mgeni wake, na mgeni hagusi nguzo ya mwenyeji. Mimi nimetoka mahali ambapo watu waligusa kila kitu cha wenzao, kwa hiyo jambo hilo naliheshimu kwa moyo wote.

Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ni mke wangu, ambaye mkataba wao haukumtaja. Alikuwa amepasuliwa goti hospitalini Liverpool, kitongoji cha jirani, na daktari akamwagiza atembee kila siku na kigari chake cha kushikilia, cha magurudumu manne. Kati ya nguzo mbili na uzio wetu, kigari hakikupita. Ili afike kituo cha basi ilimbidi ashuke barabarani, kwenye malori yaendayo kwenye maghala. Mwanamke aliyeongoza maombi ya akina mama tangu ujana wake, akienda na kurudi kwa miguu yake, sasa alikaa sebuleni na mkoba mapajani akingoja mimi nimbebee kigari na kumshika mkono.

"Papa, nimekuwa kifurushi cha posta," aliniambia Jumatano moja. "Siendi mpaka nipelekwe."

Nilipiga simu kampuni ya umeme. Wakanishukuru kwa uvumilivu wangu, wakasema wenye waya ndio wanaochelewesha. Nikapiga kampuni ya waya. Nao wakanishukuru kwa uvumilivu wangu, wakasema wenye nguzo ndio wanaochelewesha. Kwa miezi saba uvumilivu wangu ulisifiwa kuliko ulivyosifiwa na kanisa lolote nililolitumikia. Mwishoni walinitumia hata kanuni zenyewe. Nilizisoma kama nilivyofundishwa shule ya makatekista, kwa rula na kalamu nyekundu, nikakuta imeandikwa wazi kwamba mwenye waya akiarifiwa lazima auhamishe. Niliwapigia wote wawili kuwasomea. Wote wawili walinipongeza kwa kusoma vizuri.

Hapo nikakumbuka kazi yangu ya zamani. Kule kwetu, mume na mke wakigombana, wazee wa kanisa hatuwasikilizi mmoja mmoja, maana kila mmoja akiwa peke yake ni mtakatifu. Tunawaketisha pamoja. Chakula kinawekwa mezani kimefunikwa, na hakifunuliwi mpaka kila mmoja ataje kosa lake mwenyewe kabla ya kutaja la mwenzake. Basi nikaomba kila kampuni imtume mtu Alhamisi asubuhi. Kwamba nimeziita zote mbili, sikusema. Sikudanganya, nilinyamaza tu, na jambo hilo nimekwisha kulipeleka mbele za Mungu.

Wa waya alifika kwanza, Mkenya wa makamo.

"Mzee, kumbe ni watu wetu!" alisema akivua viatu. "Nimesikia harufu ya mandazi toka kwa gari."

Alipoliona gari la kampuni ya umeme likiegeshwa, uso ukambadilika. "Sasa huyu jamaa wa stima anakuja kufanya nini hapa?"

"Kula mandazi," nilimjibu, nikiisogeza sahani iliyofunikwa kitambaa. "Kaa."

Wa umeme alikuwa mzungu mwenye ndevu nyekundu. Alivua buti zake mlangoni kwa adabu, akaketi, akaanza mara moja: tatizo ni hawa wa waya. Nikainua mkono. Kiingereza changu kinatosha kununua mboga sokoni Cabramatta, si kupatanisha, kwa hiyo nilimwomba Mkenya atafsiri.

"Mzee anasema uanze na dhambi zako," Mkenya alimwambia. "La sivyo hicho kitambaa hakitoki kwa sahani."

Mwenye ndevu alicheka, akaitazama sahani, akaona mimi sicheki.

"Sawa," alisema. "Nguzo ya zamani tumeiandika kuwa ni mbovu. Nguzo mbovu hairuhusiwi kuegemezwa ngazi. Kwa hiyo tumewaambia wautoe waya, na tumewakataza kupanda kuutoa."

Mke wangu, aliyekuwa akimimina chai, alitua birika. "Na wewe?" alimwuliza Mkenya.

"Mama, mimi ningeufikia waya kutoka kwa ile mpya. Lakini ruhusa yetu iliandikwa kwa namba ya nguzo ya zamani. Hii mpya ina namba yake. Ombi jipya hatujatuma, tulingoja wao watutajie hiyo namba."

"Nasi tulingoja ombi," alisema mwenye ndevu alipotafsiriwa.

Nilifunua sahani. Mkenya akatuma ombi kwa simu yake, mwenzake akalisoma kwenye kompyuta yake ndogo ya kazini upande wa pili wa meza, akaliidhinisha kwa kidole chenye mafuta. Miezi saba ilikwisha kabla chai haijapoa. Kufikia saa sita mchana waya ulikuwa kwenye nguzo mpya, na wiki iliyofuata kisiki kiling'olewa. Nilitoa shukrani kanisani.

Nilikuwa nimewahi mno kushukuru. Shimo walilijaza kokoto wakazishindilia, kisha wakaweka juu yake kizuizi cha plastiki cha rangi ya chungwa, kwa kuwa sakafu ya njia ya miguu ni ya halmashauri, na halmashauri ingekuja baadaye. Nikaingia ndani kutafuta namba yao ya simu, rula na kalamu nyekundu.

Niliporudi dirishani, mke wangu alikuwa nje amevaa kitenge chake cha maombi. Alikisukuma kizuizi mguuni kwa gurudumu la kigari, kikateleza kwenye majani bila ubishi. Akapita juu ya kokoto polepole, goti likiwa imara.

"Mama, ngoja kwanza!" niliita. "Hapo ni pa halmashauri!"

"Waambie nawashukuru kwa uvumilivu wao," alijibu bila kugeuka, akaenda zake kituoni.

Nilitoka nikasimama langoni mpaka alipopanda basi. Kisha nikakichukua kizuizi, nikakiegemeza uzioni kwa heshima zote, mahali ambapo hakingekizuia kigari wakati wa kurudi.